Ahadi kwa Ajili ya Ardhi

Historia ya Ulutheri katika Pwani yetu imefungamana na vilima vya Pugu na Kisarawe. Wamisionari wa Kijerumani waliofika Dar es Salaam mwaka 1887 walifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892. Katika vilima hivyo ndimo unamoanzia Mto Msimbazi, na pia Mto Kizinga unaopita Temeke ukielekea baharini.

Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wapatao 128,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Jiji hilo lilihitaji mkaa, mchanga na viwanja. Misitu ya vilimani ilikatwa, kingo za mito zikachimbwa, na nyumba zikateremka hadi mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, wilayani Kinondoni. Walioumia zaidi walikuwa maskini.

Tangu hapo wako waliojitolea kupanda miti kingoni mwa mito na mikoko ufukoni. Wapendwa, mikono ya kujitolea hailipwi, lakini kazi yake ina gharama. Mche huhitaji kitalu, mbolea, usafiri, ulinzi dhidi ya mbuzi, na maji katika kiangazi chote. Mche uliopandwa kwa shangwe wakati wa masika, usipotunzwa, hunyauka kabla ya vuli. Sadaka ya siku moja hununua miche. Ahadi ya miaka huikuza kuwa miti.

Shinyanga ni shahidi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao baadaye uliungwa mkono na Norway kwa miaka mingi. Wananchi walirudia desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, yaani malisho yanayopumzishwa ili yaote upya. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerudishiwa uoto. Kazi ilikuwa ya wanavijiji. Msaada uliodumu uliwapa nafasi ya kuingoja ardhi ipone.

Mtume Paulo aliwaelekeza Wakorintho watenge fungu lao kila juma, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, pasipo kungoja ujio wake. Sharika zetu zinaujua utaratibu huo. Kwa bahasha za ahadi tumeezeka makanisa na kusomesha watumishi. Hatukuacha jengo likiwa msingi tu kwa sababu mwaka umekwisha.

Tukiwa katika karne ya pili, inafaa ardhi nayo ipate bahasha yake: kiasi kidogo, kinachotolewa kila mwezi, kinachosomwa hadharani pamoja na hesabu nyingine za usharika, na kinachodumu mpaka mti uweze kujitegemea. Wenye nguvu wachimbe mashimo; wazee na wagonjwa wanunue maji. Wote watakuwa wameshiriki kazi moja ya Bwana.