Mwalimu Mkuu Aliyekaa Kitako

Msafiri wa Lindi na Mtwara huiona Bungu kwa dakika chache tu, kupitia dirisha la basi. Ameshapita Mkuranga na Jaribu Mpakani, Kibiti iko mbele kidogo, na mawazo yake yako kwenye Daraja la Mkapa na safari ndefu ya Kusini. Kando ya barabara kuna mikorosho, mihogo na minazi, wauzaji wa matunda wanakimbilia madirishani, kisha basi linaondoka. Sisi tuliosoma shule ya msingi hapa tunaitazama Barabara ya Kilwa kwa jicho jingine. Kila kilichotufikia kilipita humu, chema na kibaya, na kwa muda mrefu kibaya kilikuwa kingi zaidi.

Muda mrefu kabla ya lami, watu walitembea kwa miguu kati ya Kilwa na Mrima wakipita upande huu. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza: watumwa wasisafirishwe tena kwa bahari, na soko la Unguja lifungwe. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha kazi yao, walihamia nchi kavu. Mwishoni mwa mwaka huo ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, na katika muda wa mwezi mmoja akahesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakiswagwa kuelekea kaskazini. Barghash alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu mwaka 1876.

Katika vitabu vyetu vya shule, ramani ya biashara ya utumwa ilikuwa na Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Rufiji yetu haikuwamo. Asubuhi moja, tukiwa darasa la sita, mwalimu mkuu alitutoa darasani, akatupanga ukingoni mwa barabara, nyuso zikitazama upande wa Dar es Salaam. Wakati huo barabara ilikuwa mchanga mtupu, na lori likipita unalijua kwa vumbi kabla hujalisikia. Akatuambia kuwa watoto wa umri wetu walipitishwa katika nchi hii wakiwa wamefungwa, na kwamba hawakuwa watu wa kitabuni, walikuwa watu wa huku. Aliongea taratibu, hakupandisha sauti. Kisha akatuambia tugeuke turudi darasani kwa miguu yetu wenyewe, na njiani hakuna aliyesukumana na mwenzake.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe asingependa, na isitoshe hapa kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu Mkuu, basi. Alikuja kutoka mkoa wa mbali, kama walimu wengi wa miaka ile waliopangiwa vituo popote nchini, na alifika mahali palipokuwa na sababu nzuri za kutomwamini mtu yeyote anayekuja na daftari la serikali.

Sababu hizo nilizielewa nikiwa mtu mzima. Kuanzia mwaka 1902 Wajerumani waliamuru mashamba ya pamba ya pamoja katika ukanda huu. Kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka, akida na jumbe wakisimamia, kiboko kikiwa karibu. Malipo yalikuwa ya aibu. Julai 1905 watu wa Umatumbi, ng'ambo ya Mto Rufiji, waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Mohoro ni Rufiji hiihii. Wazee waliokuwa wakikaa barazani tulipokuwa wadogo walikuwa wamesikia habari hizo kwa baba zao waliozishuhudia.

Shule nayo ilikuja kwa kuchelewa, na ilikuja ikiwa na mashaka yake. Wajerumani walianzisha shule yao ya kwanza ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, wakitaka makarani na maakida wanaojua kuandika. Shule nyingi zaidi zilikuwa za misheni, na Waingereza walipoanza kutoa ruzuku katika miaka ya 1920, ruzuku ilikwenda kwa misheni. Rufiji ni nchi ya Waislamu. Mzazi aliona shule ni njia ya kumbatiza mtoto wake, akamwacha chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Huko mtoto alijifunza kusoma, na wengine waliandika barua na hesabu za biashara kwa herufi za Kiarabu, lakini katika vitabu vya serikali aliandikwa kuwa hajasoma. Jambo hilo bado linaniuma. Nchi nzima ya watu wanaojua kusoma ilihesabiwa kuwa ya wajinga kwa sababu ya aina ya herufi.

Baada ya Uhuru zikaja amri nyingine. Mwaka 1968 mto ulifurika, na serikali ikaanza Operesheni Rufiji: watu watoke bondeni, wahamie vijiji vya nchi ya juu. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikaenea nchi nzima. Familia zilizozoea kulima mpunga bondeni zilijikuta ziko mbali na mashamba yao. Halafu, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kuwa kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi kiasi cha milioni 1.2. Miaka minne baadaye walikaribia milioni 3. Mimi ni mmoja wa walioongezeka.

Walimu walitoka wapi? Walitoka miongoni mwa kaka na dada zetu. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazi hukohuko vijijini, kwa masomo ya redio na kwa njia ya posta, huku wakishika chaki. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye watu wengi walilibeza jina hilo, na mimi sikubaliani nao. Kijana wa miaka 18 mwenye wanafunzi 70 na ubao mmoja uliopauka alihitaji mtu wa kumshika mkono, na sisi tulibahatika kuwa naye mtu huyo. Jioni Mwalimu Mkuu aliketi na walimu wake wadogo chini ya mwembe, akiwarekebishia maandalio ya somo kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa tunawachungulia. Kumwona mwalimu wako akisahihishiwa na kushukuru lilikuwa somo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi: boriti za mikoko kutoka deltani, udongo, makuti. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na kiranja wa zamu aliigonga kwa nondo. Asubuhi mchakamchaka, halafu usafi, halafu mstarini kukaguliwa kucha na kola. Darasa likaanza kwa "Shikamoo Mwalimu" ya watoto wote kwa pamoja, nayo "Marahaba" yake ilikuwa fupi na nzito. Fimbo alikuwa nayo. Ilikaa juu ya kabati ofisini, na siku aliyoishusha shule nzima ilijua kabla ya mapumziko.

Ila sifa yake kubwa ilikuwa nje ya ofisi. Unyago ulikuwa ukitoa wasichana shuleni. Binti akivunja ungo, anawekwa ndani, na ngoma haichezwi mpaka chakula kipatikane, hivyo mwali angeweza kukaa ndani miezi. Sheria ilimruhusu mwalimu mkuu kumpeleka mzazi kwenye baraza. Yeye aliegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka. Nyumba hiyo ilikuwa ya jirani yetu, na mimi nilikuwa uani nikitwanga na wenzangu, kwa hiyo niliyasikia. Aliuliza habari za shamba, za mguu wa bibi, za mpunga. Sheria hakuitaja kabisa. Mwisho akasema, "Bibi, nimekuja kuomba, sikuja kuamrisha. Ngoma ni yenu. Mimi naomba tarehe tu." Akatoa mfukoni kalenda ya shule iliyokunjwa mara nne, wakaanza kuhesabu pamoja: mpunga utavunwa lini, likizo ya Juni inaanza lini, kungwi anakubali nini. Bibi hakujua kusoma kalenda, alihesabu kwa miandamo ya mwezi. Walikubaliana.

Polepole nyumba nyingi zikahamishia unyago likizoni, na jando hali kadhalika. Si zote. Msichana niliyekaa naye dawati moja darasa la tano hakurudi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimkumbuka kila ninapoona hesabu za sehemu, maana yeye ndiye aliyekuwa akinieleza.

Kwa mwalimu wa chuo alifanya vivyo hivyo. Wakagawana siku: asubuhi shule, alasiri Kurani, na wakati wa Ramadhani shamba la shule likapumzika.

Shamba hilo lina habari yake. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, ilitaka kila shule izalishe. Sisi tulikuwa na mikorosho. Wazazi walipoona watoto wanaokota korosho kwa zamu, wazee walinong'ona: pamba ya jumbe imerudi. Manung'uniko yakamfikia. Kwenye mkutano wa wazazi, akiwa katibu wa kamati ya shule, alisimama na stakabadhi zote mkononi, akasoma moja moja: kilo ngapi zilipimwa, za daraja gani, zimelipwa shilingi ngapi, chaki imechukua kiasi gani, mpira wa miguu kiasi gani, majembe kiasi gani, kilichobaki ni hiki, nacho kimo katika bahasha hii. Akampa mzee mmoja bahasha ahesabu mbele ya watu. Baada ya hapo alisoma hesabu kila mwaka, hata mwaka ambao korosho hazikufika gunia moja. Miaka hiyo ilikuja kweli. Nchi iliyovuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 haikufikisha 17,000 msimu wa 1986/87. Bei ilikuwa mbovu, ubwiri unga uliingia, na mikorosho mingi ilibaki nyuma watu walipohamishiwa vijijini.

Kulikuwa pia na watoto wa mpunga. Msimu ukifika, familia hushuka bondeni kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mtoto ndiye mlinzi, na mahudhurio yanaporomoka. Mwalimu Mkuu aliandika hesabu na maneno ya imla kwenye karatasi na kuwapa wakaondoka nazo. Waliporudi alisahihisha kazi za kila mmoja, nyingine zikiwa na madoa ya tope. Na wale waliotoka deltani kuishi kwa shangazi na wajomba ili wasome kwetu, wakichekwa kwa lafudhi yao, aliwasimamisha mbele ya darasa watufundishe maji kupwa na kujaa, na tofauti ya mkoko, msinzi, mchu, mkandaa, mkomafi na mlilana. Kicheko kikaisha. Hakuna hata mmoja wetu wa nchi ya juu aliyeweza kutaja zaidi ya miwili.

Jioni aliwafundisha wazazi wetu kisomo cha watu wazima. Mama yangu alitia saini yake ya kwanza katika daftari lake.

Mambo yakawa magumu baada ya Vita vya Kagera. Daftari moja lilikatwa vipande viwili, penseli ikagawanywa, sabuni ikapotea, kaptura ya kaki ikavaliwa mpaka haikufulika tena. Baadaye michango ya wazazi ikarudi, na ada haikufutwa tena hadi mwaka 2001. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshahamishwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Agosti 2003, lami ikafika, Kibiti ikawa wilaya.

Kisha barabara ikaleta hofu upya. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji waliuawa majumbani mwao katika Kibiti na Rufiji, na tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, jirani na hapa. Watu waliogopa hata kuitwa mwenyekiti. Nilimfikiria sana Mwalimu Mkuu mwaka ule, yeye aliyeibeba serikali kwenye baiskeli, peke yake, akaingia kila nyumba na kukaribishwa kitako.

Habari zake hazimo katika kitabu chochote. Zimo katika rejesta za uandikishaji, kwa mwandiko wake wa kulala: jina la mtoto, la mzazi, kijiji, kazi ya mzazi (mkulima, mkulima, mvuvi, mkulima), na katika safu ya mwisho sababu ya kuondoka. Amehitimu. Amehama. Ameolewa. Kwa baadhi ya wasichana safu hiyo ameiacha wazi, kana kwamba bado anawangoja.

Karatasi hizo zimeanza kuliwa na mchwa. Sisi tuliosoma pale tumepata ruhusa ya kuzinakili kwa mkono na kuzipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, na tumeanza na walioandikishwa mwaka 1975. Mwenye picha ya darasa, cheti cha darasa la saba au daftari la kisomo cha mama yake, avilete shuleni Jumamosi asubuhi. Tutavinakili na kumrudishia palepale.