Jibu la Haraka

Hapa Tinde nilikostaafia, swali moja la mwaka 1985 bado hunirudia. Nilikuwa nafundisha kemia katika chuo cha ualimu, mwanachuo akaniuliza: "Mwalimu, gesi yetu ya Songo Songo itasafishwa kwa amini ipi?"

Nilikuwa nimetoka kueleza ugunduzi wa R. R. Bottoms, aliyepata hataza Marekani mwaka 1930. Gesi hupandishwa ndani ya mnara huku amini ikimiminwa kutoka juu. Amini hunasa kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi (ile yenye harufu ya mayai viza), kisha huchemshwa, ikaziachia, ikatumika tena.

Nikajibu bila kusita: monoethanolamini, kwa kuwa ina nguvu. Sikutaja kwamba yahitaji joto jingi kuirudisha katika hali yake, na kwamba mitambo yake huliwa na kutu upesi. Methildaiethanolamini hutaka joto pungufu, nayo hupendelea kunasa salfaidi.

Lakini kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, karibu yote ni methani. Ilipofikishwa Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa imeondolewa maji na vimiminika tu. Huko Ziwa Kivu, ambako kaboni dayoksaidi huizidi methani, Rwanda huosha gesi yake kwa maji ya ziwa lenyewe.

Nilitoa dawa bila kumpima mgonjwa. Darasa zima liliandika jibu langu, wakaenda nalo kufundisha Kahama na Geita.