Kamati ya Mitaala ya Chuo Kikuu: Inalinda Nini, na Inawahusu Vipi Wazazi Wakatoliki?

Kila mwaka vijana wa Mpanda hupanda treni kwenda Tabora, na wengine huendelea hadi Mwanza, kutafuta elimu ya juu. Nyuma ya kila mmoja ipo familia iliyouza mahindi, mpunga au tumbaku, ikiamini kwamba shahada itakayopatikana itatambulika. Tunapenda kuwaeleza waamini ni nani anayeilinda imani hiyo.

Maana ya kamati

Katika chuo kikuu, chombo chenye mamlaka ya juu juu ya taaluma huitwa Seneti. Baraza la Chuo husimamia mali, fedha na uendeshaji, lakini masomo, mitihani na utoaji wa shahada ni kazi ya Seneti. Kwa kuwa Seneti ni kubwa, huunda kamati ya wahadhiri wazoefu ili kuichunguza mitaala kabla haijaidhinishwa. Jina la kamati hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Kazi yake ni moja.

Safari ya programu

Programu mpya huanzia idarani. Wahadhiri huandika sababu za kuianzisha, wakiwasikiliza waajiri na wahitimu. Andiko hupita kwenye bodi ya kitivo, kisha hufika mbele ya kamati. Hapo huulizwa maswali mazito: Je, wapo walimu wenye sifa? Vitabu na maabara vinatosha? Je, somo hili halirudii lile? Je, mzigo wa masomo unalingana na ngazi ya shahada? Kwa utaratibu wa nchi yetu, shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji angalau krediti 360, na krediti moja ni takriban saa kumi za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje yake.

Kamati ikiridhika, andiko huenda Seneti, na hatimaye kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Bila idhini ya Tume, chuo hakiruhusiwi kudahili katika programu hiyo. Wala kazi haiishii hapo: matokeo ya mitihani hupitiwa na watahini wa nje, na mtaala hurejewa upya kila baada ya muda uliowekwa.

Usimamizi huu una meno. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka huo wa masomo.

Wajibu wa chuo cha Kanisa

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) huko Mwanza, kilichotokana na kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Chuo chake kishiriki cha Tabora, AMUCTA, ndicho kilicho karibu zaidi nasi.

Kamati katika chuo cha namna hii ina swali la ziada. Katiba ya Kitume *Ex Corde Ecclesiae*, iliyotolewa na Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, inaagiza kwamba masomo ya kila taaluma yawe na malezi ya maadili yanayoihusu taaluma hiyo, na kwamba mafundisho ya Kanisa yapatikane kwa wanafunzi wote. Hivyo mtaala wa uhasibu usiozungumzia uaminifu, au wa ualimu usiozungumzia hadhi ya mtoto, haujakamilika.

Tunachowaalika wazazi kufanya

Kabla ya kulipa ada, mzazi afungue mwongozo wa udahili wa TCU na kuhakikisha kwamba programu yenyewe, siyo chuo tu, imeorodheshwa kwa mwaka huo. Aulize pia kama taaluma hiyo ina bodi yake ya usajili, na kama bodi hiyo inaitambua shahada hiyo. Asiyeweza kusoma mwongozo amwombe mwalimu au katekista wa kigango chake amsaidie.

Kuuliza si kukosa imani kwa Kanisa wala kwa chuo. Kamati hufanya kazi yake kwa sababu mwanafunzi na mzazi hawawezi kuingia ndani ya kila darasa. Mzazi anayeuliza mapema anailinda jasho lake, na anamlinda mwanawe asirudi nyumbani na karatasi isiyompa kazi.