Uanagenzi wa Masafa na Utata wa “Bila Malipo”

Kila msimu wa mahafali, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa TEHAMA hujaa matangazo ya aina moja. Kampuni changa, mara nyingi ya nje, inatafuta vijana wa kutengeneza programu, kusanifu kurasa au kuchambua data kwa miezi mitatu hadi sita. Kazi itafanyikia nyumbani, kwa kompyuta na intaneti ya kijana mwenyewe. Akimaliza atapewa cheti na barua ya utambulisho. Mshahara hakuna. Wenye tangazo huuita mpango huo kwa Kiingereza “unpaid remote apprenticeship”, na anayelisambaza kwa Kiswahili huandika “uanagenzi wa mtandaoni bila malipo”. Ni maneno machache, lakini kijana anayejaza fomu kwa kuyaamini anaweza kujikuta amekubali jambo asilolijua.

Tatizo kubwa liko kwenye “bila malipo”. Kenya ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, na Tanzania ilipoanza kutekeleza elimu bila malipo mwaka 2016, kila mzazi alielewa kwamba mtoto anasoma na hadaiwi ada. Chanjo bila malipo ni hivyohivyo. Masikioni mwa Mswahili, “bila malipo” ni lugha ya kupewa: kuna anayetoa huduma na kuna anayeipokea pasipo kutoa chochote. Kwenye tangazo letu mambo yamegeuka. Asiyelipa ni kampuni, na anayetoa ni kijana. Anatoa saa zake, bando lake, umeme wa nyumbani kwao, na msimbo anaouandika. Anayesoma haraka, na wengi husoma haraka kwa sababu tangazo husema nafasi ni chache, anadhani ameonewa huruma kwa kusamehewa ada ya mafunzo.

Kwa hiyo neno linalofaa ni ujira. Ujira ni anachopewa mtu kwa kazi aliyoifanya, na ukisema kazi haina ujira umekwisha kukiri kwamba kazi ipo. Mshahara una mwezi na mkataba wa ajira ndani yake. Posho ni fedha ya kumwezesha mtu afike, ale, aunganishwe na mtandao. Mpango unaompa kijana bando la mwezi na si zaidi ya hapo una posho lakini hauna ujira, na inafaa isemwe hivyo waziwazi. Ipo pia mipango inayomtoza kijana fedha ya usajili, au ya cheti mwishoni. Hiyo sitaitafutia istilahi ya mafunzo. Ni biashara ya vyeti.

Sasa tuutazame uanagenzi wenyewe. Mwanagenzi ni mtu anayeanza kujifunza kazi, asiyeijua bado, na neno hilo limeingia rasmi serikalini: Ofisi ya Waziri Mkuu nchini Tanzania imekuwa ikigharimia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana katika vyuo vya ufundi na viwandani. Jirani yake ni utarajali, ambao ni wa mhitimu aliyekwisha kusoma darasani na sasa anatafuta uzoefu. Madaktari tarajali ndio wanaojulikana zaidi. Mwanafunzi wa chuo anayepelekwa kazini kama sehemu ya masomo yake yumo katika mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita “fildi” na wa Kenya “atachi”. Halafu kuna kujitolea. Mtaani neno hili limebeba kila kitu: mwalimu asiye na ajira anayefundisha shule ya kata huku akisubiri nafasi “anajitolea”, na kijana anayeshinda ofisini mwaka mzima kwa matumaini ya kuajiriwa naye “anajitolea”.

Mipaka ya maneno haya ina uzito wa kisheria. Juni 2023, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Humo uanagenzi umeelezwa kuwa mafunzo yenye makubaliano, yaliyopangwa, yanayochanganya kujifunza kazini na nje ya kazi, yanayoishia kwenye sifa inayotambulika, na ambayo mwanagenzi hupewa ujira au fidia nyingine ya fedha. Marekani ina sheria ya uanagenzi tangu 1937, na katika mpango wake wa uanagenzi uliosajiliwa mwanagenzi hulipwa, na kiwango hupanda kadiri ujuzi unavyopanda. Uingereza imeweka kima cha chini cha mwanagenzi: kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Kenya, kupitia sheria yake ya mafunzo ya viwandani, inataka mkataba wa uanagenzi uwe wa maandishi. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye tangazo yanapingana yenyewe kwa yenyewe kabla hata hayajafika kwetu, na mfasiri hana sababu ya kuwafichia wenye tangazo kasoro yao. Akiandika “uanagenzi” anampa mwenye tangazo heshima ambayo hajaigharimia.

Wapo watakaosema kwamba nakazia karatasi, wakati mafundi wetu hawakuwahi kuwa na mkataba. Ni kweli. Nenda Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali wanaofua masanduku na majiko. Wengi walijifunza kwa kukaa karibu na fundi, wakishika, wakitumwa, wakikemewa. Baadhi walimlipa fundi ada, wengine walipewa hela ya kula tu. Lakini walikuwa na kitu kimoja ambacho kwenye mpango wa kompyuta hakiji chenyewe: fundi alikuwa anaiona mikono yao. Nyundo ikishikwa vibaya inaonekana papo hapo. Kijana aliyejifungia chumbani Mbagala au Kisauni, akiwa na fundi aliye Berlin au Bangalore, haonekani na mtu. Anaweza kukosea wiki nzima kwa utulivu kamili.

Katika utengenezaji wa programu jicho hilo la fundi lina namna yake, nayo ni mapitio ya msimbo. Kijana amepewa kazi ndogo: fomu ya usajili inakubali namba ya simu yenye herufi, airekebishe. Anaandika mistari kumi na tano, anaituma kama ombi la kuunganishwa na programu kuu. Anayempitia haandiki “safi” na kuondoka. Anasimama kwenye mstari wa nne na kuuliza: mtu akianza na +255 badala ya sufuri itakuwaje? Kwenye mstari wa tisa anamwambia kwamba jina alilokipa kigezo halielezi kilichomo, alibadilishe. Mwisho anamtaka aandike jaribio litakalothibitisha kwamba kosa halirudi. Kijana anarekebisha, anatuma tena, anaulizwa tena. Kwa mistari kumi na tano tu, anaweza kuvuna zaidi ya alichopata muhula mzima, maana chuoni hakuna aliyewahi kuisoma kazi yake kwa jicho la mtu ambaye kesho ataitegemea.

Mpango wenye mapitio ya namna hiyo una haki ya kuitwa mafunzo. Usio nayo hauna. Mingi niliyoisikia wahitimu wakiisimulia iko hivi: vijana kadhaa huwekwa kwenye kundi moja la mawasiliano, kiongozi wao ni kijana mwenzao aliyetangulia kwa muda mfupi, kikao kinaitwa kila Jumatatu kuuliza nani amefikia wapi, na programu wanayoitengeneza ama haitumiwi na mtu yeyote, ama inauzwa kwa mteja wasiyemjua. Katika hali ya kwanza hakuna uzoefu wa kazi, kwa sababu hakuna mtumiaji wa kulalamika kitu kikiharibika. Katika ya pili uzoefu upo, lakini kuna mtu anayeuza jasho lao.

Mahakama za Marekani zimewahi kulishughulikia swali hili. Watu waliofanya kazi bila ujira katika utayarishaji wa filamu ya Black Swan walishtaki, na mwaka 2013 jaji aliamua kwamba walistahili kuhesabiwa kuwa waajiriwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo na kuweka kipimo kingine: itazamwe nani hasa ananufaika na uhusiano huo, anayejifunza au kampuni. Wizara ya Kazi ya Marekani ilikichukua kipimo hicho mwaka 2018. Kina mianya, lakini kama swali la kujiuliza kinafaa hata kwa aliye Morogoro, ambaye mara nyingi hana mkataba wowote na hajui akidhulumiwa atalalamika katika nchi gani.

Neno la tatu ni “wa mtandaoni”. Kazi mtandaoni kwetu tayari ina maana pana mno, kuanzia kuwaandikia watu makala hadi kuuza mitumba kwa picha. “Kazi ya mbali” nayo humfanya msikilizaji afikirie amepangiwa Kigoma. Vijana wenyewe husema “nafanya rimoti”, na hakuna asiyewaelewa, ingawa katika maandishi neno hilo bado limeng’ang’aniwa na televisheni. Mimi naona tuchukue lililokwisha kuzoeleka katika elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimelea kizazi kizima kinachojua elimu ya masafa ni nini: mwalimu yuko kwake, mwanafunzi kwake, na bado kuna mtaala, mtihani na msimamizi. Uanagenzi wa masafa unarithi matarajio hayo yote, na ndiyo sababu ya kuupenda. Anayelitumia neno anadaiwa msimamizi.

Uanagenzi wa masafa wenye fedha upo. Mpango wa Google Summer of Code ulianza mwaka 2005 na huwapa washiriki posho inayopimwa kwa gharama za maisha za nchi yao. Tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Outreachy, yenye mizizi yake katika mradi wa programu huria wa GNOME, imekuwa ikitoa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu ya kazi kwenye programu huria, chini ya mshauri anayejulikana kwa jina. Kuingia si rahisi. Mwombaji wa Outreachy hutakiwa kwanza kuchangia kwenye mradi anaoutaka, na kipindi hicho hakina ujira. Lakini mchango wake unabaki hadharani, una jina lake, na hata akikosa nafasi mwajiri mwingine anaweza kuufungua na kuusoma, pamoja na maswali aliyoulizwa na jinsi alivyoyajibu. Kuchangia programu huria kwa namna hiyo ndiko kunakostahili jina la kujitolea: unatoa kwa wote, na unaacha ukitaka.

Sidai kwamba ujira ungetatua kila kitu. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na baadaye kuingia Nairobi, Kampala na Kigali, iliwalipa vijana huku ikiwafunza. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza mamia ya watengeneza programu wachanga, ikieleza kwamba wateja walitaka wenye uzoefu mkubwa zaidi. Hapo ndipo kiini cha shida kilipo. Soko linataka watu waliokwisha kuiva, na ni wachache walio tayari kugharimia uivaji wao. Mpango usio na ujira unauhamishia mzigo huo kwa familia ya kijana. Mwenye mjomba wa kumnunulia bando atavumilia miezi sita. Anayetegemewa nyumbani ataacha wiki ya tatu, na atahesabiwa kuwa hana bidii.

Napendekeza basi tuseme uanagenzi wa masafa pale tu penye makubaliano ya maandishi, msimamizi na ujira. Pakiwa na msimamizi lakini hakuna ujira, tuseme mafunzo kwa vitendo ya masafa yasiyo na ujira, hata kama ni marefu kutamka. Kwa anayechangia programu huria bila ujira, tuseme kujitolea. Na pasipo na msimamizi wala ujira, ni kufanyishwa kazi bure.

Wanaotoa na kusambaza matangazo haya, naomba waandike mambo matatu ambayo leo huachwa: saa za kazi kwa wiki, jina la atakayepitia kazi ya kijana, na mwenye haki juu ya msimbo atakaouandika. Wewe unayetaka kujaza fomu, usipoyaona hayo, yaulize kwa barua pepe kabla hujaanza, na uyahifadhi majibu.