Oboe na swali la nani huamua sauti ipi ni bora

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza juzi oboe huitwaje kwa Kiswahili. Nikamjibu kuwa ni zumari. Akacheka! Kwake, zumari ni ile ya ngoma za arusi kule Mombasa na Lamu, ilhali oboe ni ala ya okestra, ya watu waliovaa tai.

Kumbe ala hizi mbili ni za ukoo mmoja. Zote hupulizwa kupitia ulimi wa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja. Mpiga zumari huutia ulimi huo wote kinywani, na sauti hutoka kali, ya kufika mbali, kwa sababu kazi yake ni uwanjani. Ulaya nako kulikuwa na ala ya namna hiyo hadi katikati ya karne ya 17, mafundi wa Ufaransa, wakiwemo wa jamaa za Hotteterre na Philidor, walipoibadilisha. Mpulizaji sasa aliubana ulimi kwa midomo, akaweza kunong'ona na kupaza sauti apendavyo. Ala ikaingia ukumbini.

Basi mlio bora wa oboe ni upi? Hapo ndipo wajuzi wanapogawanyika. Katika chuo cha muziki cha Paris, Georges Gillet, aliyeanza kufunza huko mwaka 1881, alilea mlio mwepesi na mwangavu. Mwanafunzi wake, Marcel Tabuteau, alihamia Marekani mwaka 1905, na kuanzia 1915 hadi 1954 akawa mpiga oboe mkuu wa okestra ya Philadelphia. Huko alichonga tete kwa namna yake, akapata mlio mzito, wa kiza kidogo. Wanafunzi wake wakashika viti New York, Boston na Cleveland. Katika kizazi kimoja tu, ladha ya mtu mmoja ikawa ndiyo 'mlio wa Kimarekani'.

Uingereza, Léon Goossens alitia mtetemo katika sauti, ikawa kama mtu anayeimba. Vienna nao wana oboe ya umbo lao wenyewe, na hawapendi mtetemo mwingi. Wanataka mlio unaochanganyika na wa ala jirani. Mpeleke mpulizaji wa Vienna Philadelphia, na mlio unaosifiwa kwao huenda ukaonekana kasoro.

Je, hii ina maana kwamba kila mlio ni sawa? La hasha. Kabla ya tamasha, okestra nzima hulinganisha ala zake kwa noti moja inayotolewa na oboe. Noti hiyo ikiyumba, wote wameyumba. Tena noti za chini za oboe hupenda kutoka kwa kishindo, na mpulizaji hodari ni yule anayeweza kuzianza kwa upole. Haya hayabishaniwi Paris wala Vienna, kwa kuwa ni umahiri. Rangi ya sauti ndiyo mapatano ya jamii, na mapatano hayo huenezwa na mwenye kiti na darasa.

Sisi wa Kiswahili tunaijua hadithi hii. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, pamoja na hazina yake yote ya ushairi, kikabaki kuitwa lahaja. Sipingi usanifishaji, bila noti moja ya kulinganishia, vitabu na mitihani yetu ingekuwa vurugu. Tatizo ni pale tunapochanganya umahiri na rangi. Mtoto anayekosea upatanisho wa ngeli asahihishwe. Lakini mtoto wa Mombasa anayesema 'mato' badala ya 'macho' hajakosea. Ana rangi ya kwao. Mwalimu amwonyeshe umbo sanifu la kuandikia mtihani, asimfanye aione haya lugha ya mamake.

Nilimwambia hivyo mwanafunzi wangu. Nikamwongezea kwamba hata zumari ya arusini ina mabingwa na wababaishaji, na wachezaji ngoma huwatambua kwa pumzi chache tu. Safari hii hakucheka. Aliniuliza ni wapi anaweza kwenda kuisikiliza.