Jinsi ramani na tarakilishi zinavyotumika kukabili mafuriko Dar es Salaam

RAMANI Huria ni mradi ulioanzishwa mwaka wa 2015 ili kuchora mitaa ya Dar es Salaam, Tanzania, na kuukinga mji huo dhidi ya mafuriko.

Haja yake ilidhihirika Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika na mafuriko ya mvua hiyo yakaua watu wasiopungua 40 mjini. Mto huo hushuka kutoka milima ya Pugu na kupasua mji hadi Bahari Hindi, na kandokando yake yamesongamana makazi yaliyoota bila mpango. Makazi ya aina hiyo aghalabu hayamo katika ramani rasmi, na nyumba isiyo kwenye ramani haiwezi kuhesabiwa na tarakilishi.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakisaidiwa na wakazi, walipita mtaa baada ya mtaa wakirekodi nyumba, vichochoro, mitaro na makalvati. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka angani. Yote hayo yaliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni isiyolipiwa, iliyoasisiwa Uingereza mwaka wa 2004.

La kuvutia zaidi ni jinsi kina cha mafuriko ya zamani kilivyopimwa. Wenyeji waliulizwa maji yaliwafika wapi mwilini: kifundo cha mguu, goti au kifua. Kumbukumbu hizo, ambazo hakuna kifaa kilichozinasa, ziligeuzwa kuwa tarakimu.

Hesabu hufanywa na InaSAFE, programu iliyobuniwa Indonesia na kuzinduliwa mwaka wa 2012. Hiyo hutandaza ramani ya mafuriko juu ya ramani ya nyumba, kisha hukokotoa majengo na watu watakaofikiwa na maji. Afisa wa mtaa aweza hivyo kukadiria mapema mahema na chakula kitakachohitajika.

Hata hivyo, mtaro uliozibwa na taka baada ya kuchorwa bado huonekana wazi katika tarakilishi. Isitoshe, kujua si kutenda. Bonde la Jangwani lilifahamika fika kuwa njia ya maji, lakini karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka wa 2016, ilijengwa papo hapo. Imefurika mara kadhaa. Mwaka wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 wa kuboresha bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zilizopangwa ni kuihamisha karakana hiyo.