Redio ya dijitali na analojia: Tofauti huonekana barabarani

Norway iliingia katika historia mwaka 2017 ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kuzima matangazo ya kitaifa ya FM na kuhamia redio ya dijitali, DAB. Uzimaji ulianzia Nordland Januari 11 na kukamilika Desemba 13. Vituo vidogo vya maeneo viliruhusiwa kubaki FM.

Kwa msikilizaji wa nyumbani manufaa yapo. Masafa mamoja ya dijitali hubeba vituo kadhaa kwa pamoja, navyo huchaguliwa kwa majina badala ya namba. Hata hivyo, ubora wa sauti hautokani na udijitali pekee: vituo vikibanwa vingi mno katika masafa hayo, FM inayopokewa vizuri huweza kusikika vyema zaidi. Sauti ya dijitali pia huchelewa kwa sekunde chache, hivyo mlio wa saa redioni haufai kurekebishia saa ya ukutani.

Barabarani ndiko kwenye mtihani. Mawimbi ya FM yakififia, sauti hukwaruza kidogo kidogo na dereva huendelea kuambulia maneno. DAB hubaki safi hata mawimbi yanapogonga majengo na milima. Yakipungua kupita kiasi, sauti hukatika ghafla. Kwa dereva anayesubiri taarifa ya barabara iliyofungwa, mkwaruzo ni afadhali kuliko ukimya.

Wenye magari ya zamani nchini humo walilazimika kununua vifaa vya nyongeza, vingi vikiwa na antena ya kubandika kiooni. Umoja wa Ulaya nao, tangu Desemba 2020, huagiza redio zinazofungwa katika magari mapya ya abiria ziwe na uwezo wa kupokea matangazo ya dijitali.